Mtaa wa Mayahudi Ambao Haukujengwa



Ndugu msomaji, ukifika Fas kule Moroko utapata mtu wa kukutembeza katika Mellah, mtaa wa Mayahudi uliowekwa mwaka 1438 karibu na kasri ya sultani. Ukifika Misri, katika Kairo ya kale, utatembezwa kwa miguu kutoka msikiti wa Amr bin al-Aas mpaka sinagogi la Ben Ezra, na njiani utaonyeshwa magofu ya ngome ya Warumi. Wenye uwezo wa kusafiri huenda, wakapiga picha, wakarudi na hadithi. Mimi sijafika huko. Matembezi yangu yalikuwa hapa hapa Kenya, upande wa Moiben, Uasin Gishu, Ramadhani, jua kali na vumbi la matrekta. Tulikwenda kuona mtaa wa Mayahudi ambao kwenye karatasi ulikuwa mkubwa kuliko yote niliyoitaja, na juu ya ardhi hauna hata tofali moja. Magofu yapo, lakini si ya Mayahudi.

Wacha nianze mwanzo, maana wengi wetu hapa Timau na Nanyuki tumesikia habari hii nusu nusu. Utamsikia mtu barazani anasema, "Mayahudi walikuwa wapewe Uganda." Ni kweli na si kweli. Ardhi yenyewe haikuwa Uganda tunayoijua. Mpaka mwaka 1902, Uganda ya Waingereza ilifika karibu na Naivasha, ndipo upande wake wa mashariki ukakatwa na kuunganishwa na himaya iliyokuja kuitwa Kenya. Jina la zamani likabaki midomoni mwa watu, na mpango ukaitwa "wa Uganda" ilhali nchi iliyokusudiwa ilikuwa ni uwanda wa Uasin Gishu, tunakolima mahindi na ngano leo.

Aliyetoa fikra hiyo ni Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni wa Uingereza. Mwishoni mwa mwaka 1902 alitembelea Afrika Mashariki, akapanda reli mpya, akatazama nje ya dirisha la behewa. Aliona nyasi, hali ya hewa ya baridi, na watu wachache kandokando ya reli. Mwaka uliofuata, Aprili 1903, Mayahudi wa Kishinev, mji uliokuwa katika dola ya Urusi, walivamiwa na majirani zao wakati wa Pasaka ya Wakristo. Watu 49 waliuawa, wengi wakajeruhiwa, nyumba na maduka yakavunjwa. Ulaya nzima ilishtuka. Theodor Herzl, kiongozi wa Wazayuni, alikuwa akibisha kila mlango akitafuta mahali pa kuwapeleka watu wake. Mlango wa Chamberlain ukafunguka. Agosti 1903 serikali ya Uingereza ikaandika barua rasmi kwamba iko tayari kufikiria kuwapa Mayahudi makazi yenye utawala wao wa ndani katika Afrika Mashariki. Kipande kilichokuja kutajwa kilikuwa cha maili za mraba 5,000, karibu kilomita za mraba 13,000.

Hebu simama hapo kidogo. Chamberlain hajawahi kulima Uasin Gishu. Herzl hajawahi kuiona. Na aliyekuwa akichunga pale hakuulizwa.

Kwenye mkutano wao wa sita uliofanyika Basel, Uswisi, mwezi huo huo, Wazayuni waligawanyika vibaya. Kura 295 zilikubali tume itumwe kwenda kutazama, 178 zikakataa, na karibu wajumbe mia moja hawakupiga kura. Wajumbe wengi wa Urusi, yaani hao hao waliotoka katika nchi ya mauaji, walitoka ukumbini wakilia. Hawakutaka pengine isipokuwa Palestina. Desemba mwaka huo kijana mmoja akamfyatulia risasi Max Nordau mjini Paris, kwa sababu Nordau aliutetea mpango wa Afrika Mashariki. Risasi ilimkosa. Na huku kwetu walowezi wa kizungu nao wakapandwa na hasira, Lord Delamere akiwa mbele, wakatuma simu Uingereza kulalamika kwamba nchi nzuri inakwenda kupewa maskini wa Kiyahudi. Walowezi wenyewe walikuwa wachache, ndio kwanza wanaanza kugawiwa ardhi, na tayari walikuwa na sauti ya kusema nani aje na nani asije.

Sasa turudi Moiben.

Tulikuwa wanafunzi tisa wa chuo, sita Waislamu, watatu Wakristo. Aliyetutembeza ni mzee mmoja wa Kikalenjin mwenye shamba kule, mtu wa miaka sabini na kitu, kofia kichwani na fimbo mkononi. Alipojua kuwa wengine tumefunga, alitaka kuahirisha matembezi mpaka jioni. Tukamwambia, "La mzee, tutaweza." Akacheka, akasema, "Haya vijana, lakini mimi sitawabeba." Akatangulia, na kwa kweli mbele ya saa moja kupita ni sisi tuliokuwa tukimwomba apunguze mwendo.

Shimo la kwanza nililipita bila kuliona. Nilidhani ni bwawa lililokauka. Mzee akanirudisha, akanisimamisha ukingoni, akasema, "Shuka." Nikashuka. Kumbe ni duara, limechimbwa ubavuni mwa mteremko, na kuta zake zimepangwa mawe, jiwe juu ya jiwe bila udongo wa kushikia. Nilipima kwa hatua nikapata kumi na mbili kutoka ukuta hadi ukuta. Kwenye upande wa chini pana mlango mwembamba, na kando ya mlango kuna kichuguu kilichoota nyasi za kijani kuliko za mahali pengine. Mzee akatuuliza kwa nini nyasi pale ni za kijani. Tukakaa kimya, watu wa chuo kikuu. Akasema, "Samadi. Walikuwa wakizoa zizi kila asubuhi na kumwaga hapo nje."

Haya ndiyo mashimo ya Wasirikwa. Wengi wetu Eldoret tumelijua jina la Sirikwa kwa sababu ya hoteli ya mjini, basi. Mashimo haya yametapakaa kwa mamia katika nyanda za juu za magharibi na Bonde la Ufa, kuanzia Cherangani hadi Nakuru na Sotik. Mary Leakey alichimba ya Hyrax Hill, Nakuru, miaka ya 1937 na 1938. Miaka ya sitini akaja J.E.G. Sutton akachimba mengine, pamoja na huku Moiben, akaonyesha kwamba yalikuwa mazizi ya ng'ombe, na nyumba za watu zilishikamana nayo kwa nje, mlango wake ukitokea ndani ya zizi. Mwizi wa ng'ombe ilimbidi apite katika mlango mmoja mwembamba, chini ya macho ya wenyewe. Yanahesabiwa kuwa ya kati ya karne ya 12 na ya 18. Yaani wakati Mellah ya Fas inajengwa, hapa palikuwa na watu wanakamua, wanazoa samadi, wanazika wafu wao.

Na walikwenda wapi? Mzee alisema wengine walisukumwa kusini na Wamasai, wengine wamo ndani ya koo za Wakalenjin mpaka leo, "hata nyumbani kwangu huenda wamo." Wataalamu nao siku hizi wanaelekea huko huko. Baada ya Wasirikwa uwanda ulishikwa na Wamasai wa Uasin Gishu, ndio walioacha jina. Hao nao wakavunjwa na vita vya wao kwa wao katika karne ya 19. Baadaye Wanandi wakawa wanachunga hapo. Kwa hiyo siku Chamberlain anachungulia dirishani, nyasi alizoziona zilikuwa za watu waliokuwa wametoka kwenye vita, na za wengine waliokuwa wakiingia na ng'ombe wao. Nyasi zisizo na nyumba juu yake kwa msimu mmoja si nchi isiyo na mwenyewe. Mfugaji yeyote wa Isiolo au Dol Dol angemweleza hilo kwa dakika moja, lakini nani alimuuliza?

Tume ilifika Mombasa Januari 1905. Walikuwa watatu: Meja Gibbons, Mwingereza mpelelezi wa nchi, Alfred Kaiser, Mswisi aliyekuwa amekaa Sinai miaka mingi, na Nahum Wilbusch, mhandisi Myahudi kutoka Urusi. Walipanda treni mpaka Nakuru, wakaajiri wapagazi, wakapanda uwandani. Waligawana njia na waliporudi waligawana maoni pia. Gibbons aliona watu kiasi wanaweza kukaa. Wilbusch alisema haifai kabisa. Herzl alikuwa ameshakufa, Julai 1904, na mkutano wa saba, mwaka 1905, ukaukataa mpango mzima. Hivyo ndivyo mtaa ulivyokufa kabla ya jiwe la kwanza.

Nataka msomaji aone tarehe. Mwaka huo huo 1905, tarehe 19 Oktoba, Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi aliyepigana na Waingereza na reli yao kwa miaka, aliitwa kwenye mazungumzo ya amani, akapigwa risasi na Richard Meinertzhagen. Karatasi za London zilikuwa zinasema ardhi ipo, inangoja watu. Hapo jirani jeshi la London lilikuwa linaua watu kwa ajili ya kuipata. Mambo mawili haya hufundishwa katika sura mbili mbalimbali za kitabu, na mimi nilisoma zote mbili bila kuziunganisha mpaka niliposimama ndani ya lile shimo.

Kisha kuna jambo la nani alijenga. Walowezi walipoanza kulima na kukuta mawe yaliyopangwa, hawakuamini ni kazi ya Waafrika. G.W.B. Huntingford, ambaye aliishi kwa Wanandi na kuijua lugha yao, mwaka 1933 aliandika makala akisema kazi za mawe za Kenya ni za ustaarabu fulani uliopotea, akauita wa Azania. Watu wa Pwani mnaujua wimbo huu. Gede ilipochimbwa na James Kirkman kuanzia mwaka 1948, misikiti ile na nyumba zile za mawe zilisemwa kwa muda mrefu kuwa za wageni kutoka ng'ambo, na Mswahili akaachiwa kazi ya kubeba mawe tu. Leo wataalamu wanasema wazi kwamba ni miji ya Waswahili wenyewe, Waafrika Waislamu waliofanya biashara na dunia. Mtu akitaka kukunyang'anya nyumba, huanza kwa kusema hukuijenga wewe.

Na ardhi iliyokosa Mayahudi haikubaki kwa wenyewe. Mwaka 1908 walifika Makaburu kutoka Afrika Kusini na magari yao ya ng'ombe, kundi la Jansen van Rensburg. Uwanda ukapimwa na kupewa namba za mashamba. Eldoret ilianza mwaka 1910 juu ya shamba namba 64, na wazee mpaka leo huuita mji ule Sisibo, yaani sixty-four ilivyokaa katika ulimi wa Kikalenjin. Mawe mengi ya mashimo yalikwenda kwenye misingi ya nyumba na kuta za mashamba. Mzee alituonyesha shimo lisilo na ukuta upande mmoja, akaashiria kwa fimbo bohari la zamani ng'ambo ya barabara. "Ukuta uko kule," alisema.

Mayahudi wachache walikuja Kenya hata hivyo, mmoja mmoja. Abraham Block, mzaliwa wa Lithuania, alikuja mwaka 1903 kutoka Afrika Kusini baada ya kusikia habari za mpango huu, na baadaye akainunua hoteli ya Norfolk. Sinagogi la kwanza la Nairobi liliwekwa jiwe la msingi mwaka 1912, na lililopo sasa, pale karibu na chuo kikuu kwenye kona ya Uhuru Highway, ni la miaka ya hamsini. Halafu kuna Gilgil. Mwaka 1947 Waingereza waliwaleta pale wafungwa wa Kiyahudi kutoka Palestina, watu wa vikundi vya Irgun na Lehi vilivyokuwa vikiwapiga Waingereza kwa mabomu, wakawaweka nyuma ya seng'enge. Machi 1948 Yaakov Meridor akatoroka na wenzake. Wengine waliachiliwa Julai 1948, wakapelekwa kwenye dola ya Israeli iliyotangazwa Mei, wakati Wapalestina zaidi ya laki saba wanafukuzwa ama kukimbia majumbani mwao. Kwa hiyo mtaa wa Mayahudi uliojengwa kweli katika Bonde la Ufa ulikuwa kambi ya wafungwa.

Hapo ndipo mjadala ulipoanza kati yetu, tumekaa kivulini tukingoja Alasiri. Ndugu mmoja akasema, "Wangekuja tu huku! Palestina ingepona." Maneno hayo tumeyasema sote, hata mimi nimeyasema msikitini kwetu Timau, na watu wakatikisa kichwa kukubali. Mwingine akasema Alhamdulillah hawakuja, Mayahudi ni Mayahudi tu. Sauti zikapanda. Mzee alikuwa kimya, anachora chini kwa fimbo. Halafu akauliza, taratibu kabisa, "Wangekuja huku, sisi tungepelekwa wapi?"

Hakuna aliyejibu.

Yule wa kwanza ni rafiki yangu na moyo wake ni mzuri. Alikuwa anamhurumia Mpalestina. Lakini dawa aliyoitaja ilikuwa ile ile ya Chamberlain: mchukue aliyeteswa, mpe cha mtu mwingine ambaye hukumuuliza. Alibadilisha mwenye kunyang'anywa tu. Na kwa yule wa pili, nilimkumbusha tuliyofundishwa madrasa na ustadhi mmoja, kwamba jeneza la Myahudi lilipopita Mtume (S.A.W.) alisimama, na alipoambiwa ni la Myahudi akauliza kama hiyo nayo si nafsi. Nikamkumbusha Mukhayriq, mwanachuoni wa Kiyahudi wa Madina, aliyetoka kupigana upande wa Mtume siku ya Uhud akauawa, na mashamba yake ya mitende akayaacha kwa Mtume. Waliouawa Kishinev hawakuwa na shamba la mtu yeyote. Dhulma tunaipinga popote, lakini tusiigeuze kuwa kabila.

Mimi nalisema hili nikiwa mtoto wa Majengo. Sisi Waislamu wa miji ya Mlima Kenya, wa Nyeri, wa Nanyuki, wa Timau, tunalijua swali la mzee kwa upande wa pili. Babu zetu walikuja na misafara, na jeshi, na reli, Waswahili, Wanubi, Wasomali, na wengine ni Wameru na Wakikuyu waliosilimu wakahamia Majengo. Vizazi vinne vimepita na bado uchaguzi ukikaribia mtu hukuuliza, "Kwenu ni wapi?" Jibu letu la haraka ni kwamba tumezaliwa hapa. Ni jibu sahihi. Lakini ukisimama Timau ukatazama chini kuelekea Laikipia, unatazama nchi ambayo Wamasai waliahidiwa kwa mkataba wa mwaka 1904 kuwa ni yao maadamu wapo duniani, na ambayo walihamishwa kwa nguvu kati ya 1911 na 1913 ili walowezi walime na kufuga. Walipokwenda mahakamani mwaka 1913, kesi yao ilitupwa. Na juu kwenye misitu, upande wa Nyeri na Murang'a, bibi zetu Wakikuyu wanaonyesha mashimo wanayosema ni ya Agumba, watu wafupi waliokuwepo kabla. Nilikuwa nikidhani ni hekaya ya kutisha watoto wasichelewe nje. Siku hizi nikipita karibu na shimo kama hilo natafuta mlango wake upo upande gani, na kama nyasi kando yake ni za kijani.

Mashimo ya mzee yanaisha. Akiwa mvulana, alisema, aliweza kuhesabu zaidi ya thelathini kutoka nyumbani mpaka mtoni. Siku hiyo tulihesabu kumi na moja. Trekta la jirani lilikuwa linalima tulipokuwa tunaondoka, na jembe lilipita juu ya la kumi na mbili, ambalo tayari lilikuwa limejazwa udongo. Wanawe wanataka kugawana shamba, na shimo ni robo eka isiyotoa mahindi. Yeye hawalaumu. Alituomba tu tuyapime na kuyachora yote kabla ya mvua, tuandike na mawe mangapi yamesimama. Tulirudi Jumamosi mbili zilizofuata na kamba na karatasi. Tulifikia saba, mvua ikatukuta.

Siku ile ya kwanza alitupa kibuyu cha mursik, akakifunga vizuri, akasema, "Mfungulie mnapofungulia." Adhana ya Maghrib ilitukuta msikitini Eldoret. Kwanza tende, halafu kibuyu kikazunguka. Jamaa yetu mmoja wa Lamu alikinusa, akaona lile jivu jeusi ndani ya maziwa, akasema yeye atangoja uji. Basi tuliobaki tukamaliza.